Michoro ya mwili yenye asili ya Nyanda za Juu Kusini kwa picha za mitindo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na wapambaji wenzangu, wapiga picha, modo na wabunifu wa mavazi wanaokuja Mbeya, Iringa na Njombe kutafuta picha zenye sura ya huku. Mengi niliyajibu nikiwa na brashi mkononi na modo akisubiri, kwa hiyo niliyajibu kwa haraka. Hapa nimeyajibu nikiwa nimekaa. Nimeyapa namba ili jibu moja likitegemea jingine nikuelekeze huko, nisirudie.

## Kabla ya kushika brashi

1. Mtu akisema anataka mekapu "ya kikabila", anataka nini hasa?

Mara nyingi anataka picha aliyoiona kwenye simu: vitone vyeupe juu ya nyusi, mstari mmoja kutoka mdomo wa chini hadi kidevuni, shanga nyingi shingoni. Ukimuuliza ni ya watu gani, anajibu, "Ya Kiafrika tu." Kazi huanza kuharibika hapo, kwa sababu Afrika haina mchoro mmoja. Vitone vya namna hiyo wanavyo Waxhosa wa Afrika Kusini, na kwao vina jina lake na wakati wake. Ukivichora kwa modo aliyesimama katikati ya mashamba ya chai ya Mufindi, umewasahau Waxhosa na Mufindi yenyewe hujaitazama.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mteja ni: ya nani, na kwa nini hao? Akijibu kwamba anapenda tu inavyoonekana, simlaumu. Ila hapo tutachora kitu kipya cha kwetu, na hatutakibandika jina la kabila lolote.

2. Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, Wakinga na Wasafwa wana michoro yao ya uso ninayoweza kuitumia?

Watu wengi hukata tamaa wakisikia jibu la swali hili, lakini kwangu ndilo linalofungua kazi. Katika miaka yote ya kuuliza sijakutana na mzee aliyenionesha "mchoro wa uso wa Kihehe" au "wa Kinyakyusa" ulio tayari kunakiliwa. Pambo la huku lilikaa zaidi kwenye vitu vilivyovaliwa na kwenye ngozi iliyopakwa mafuta ikang'aa: shanga, bangili, pete za shaba ambazo Wanyakyusa wa zamani walizivaa kiunoni, nguo za magome ya miti, kisha kaniki na mgolole.

Chale zipo. Utaziona kwa wazee wengi kwenye paji la uso, kwenye panda za uso au kifuani, mistari mifupi miwili mitatu. Nyingi ni za tiba: mtoto aliumwa, akachanjwa kwa wembe, dawa ikasuguliwa ndani. Hiyo ni kumbukumbu ya ugonjwa. Ukiichukua kama pambo bila kujua, unachora homa ya mtu.

Hata neno nembo, ambalo leo tunalitumia kwa alama za makampuni, zamani lilitaja alama zilizochanjwa mwilini. Hilo linatosha kutukumbusha kwamba alama ya mwili ina mwenyewe.

3. Kama hakuna mchoro wa kunakili, nianzie wapi?

Anza na vitu. Mimi huanzia kwa Wakisi, wafinyanzi wa mwambao wa Ziwa Nyasa karibu na Matema. Jumamosi vyungu hushushwa kwenye mitumbwi vikapangwa mchangani katika soko la Lyulilo, na ukichuchumaa ukainua kimoja ukakigeuza taratibu juani, utajifunza kuliko kwa kutazama picha mia. Kimefinyangwa kwa mkono bila gurudumu, kikasuguliwa kwa kokoto mpaka kikawa laini kama shavu. Mkanda wa udongo mweupe unazunguka mabega, na wekundu umepakana nao juu na chini. Ukisogeza jicho karibu unaona mkanda haukunyooka. Mahali fulani mkono wa mfinyanzi ulipumua, mstari ukanenepa kidogo, kisha ukaendelea.

Mstari huo ndio niliouchukua kwa kazi ninayoipenda kuliko zote nilizofanya. Chungu kina shingo, mabega na tumbo kama mtu, kwa hiyo sikuuweka usoni hata kidogo. Niliuzungusha chini ya mifupa ya shingo, ukapita juu ya bega la kulia na kurudi mgongoni, mweupe wa maziwa kati ya kingo mbili za rangi ya matofali, na pale bega linapopinda nikauacha unenepe. Usoni nilipaka mafuta tu na wanja. Kila aliyeiona picha kutoka Kyela alisema "chungu" kabla sijafungua mdomo.

Chanzo cha pili ni vikapu vya milulu vya Iringa. Tazama jinsi mikanda ya rangi inavyozunguka, inavyokatika na kuanza tena safu ya juu yake. Msuko huo unakaa vizuri kwenye mkono kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo, au kichwani kwa modo aliyenyoa. Chanzo cha tatu ni nchi yenyewe: mistari ya chai Mufindi na Tukuyu, kijivu cha Kimondo cha Mbozi pale chuma kilipokatwa kikang'aa, wekundu wa barabara za Njombe baada ya mvua. Ukiwa Iringa mjini, ingia Makumbusho ya Boma utazame vitu vya zamani kwa karibu, uvichore kwa penseli. Ukipiga picha kwa simu utakuwa na picha tu. Penseli inaulazimisha mkono ujifunze mstari.

4. Kuna ubaya gani nikinakili chale za Wamakonde au wekundu wa Wahimba? Ni watu wa mbali, hawataona.

Wataona, kila mtu ana simu. Lakini hata wasingeona, tatizo lingebaki.

Niliwahi kuchora mistari mitatu kila shavu kwa modo mmoja, nimeitoa mtandaoni, nikaona imependeza. Tulikuwa tunapiga picha kwenye ua wa bibi mmoja Ludewa aliyetukaribisha kwa ukarimu. Alikaa kwenye kigoda akatutazama muda mrefu, kisha akaniita. Akaushika mkono wangu, akakiweka kidole changu kwenye panda ya uso wake. Chini ya kidole nilihisi chale mbili, ngumu kama nyuzi zilizoshonwa. Akasema, "Mwanangu, hizi zangu zilitoka damu. Zako zinatoka kwa maji." Hakuwa na hasira. Nilizifuta palepale.

Chale za Wamakonde na ndonya zao, vile vipande vya kutoboa mdomo wa juu, ni historia ya miili ya watu, na wengi walizipata kwa maumivu. Wekundu wa Wahimba wa Namibia, mchanganyiko wa udongo mwekundu na siagi, ni vazi la kila siku la wanawake walio hai. Ukitaka kujifunza kutoka kwao, jifunze kanuni. Kwa mfano, rangi moja inaweza kuunganisha ngozi, nywele na vito vikawa kitu kimoja. Kanuni haina kabila. Alama ndiyo yenye wenyewe.

Kama hadithi ya picha inahitaji chale kabisa, mfanye modo mwenyewe awe chanzo: alama za bibi yake, kwa ruhusa ya bibi yake. Tazama pia swali la 19.

## Kuuliza na kuruhusiwa

5. Nikitaka kuwauliza wazee, naanzaje? Nawalipa?

Pita kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa kwanza, hata kama una ndugu pale. Ukifika kwa mzee, shikamoo yako ije kabla ya kamera. Ukiwa upande wa Iringa au Njombe ongeza kamwene, na usiwe na haraka, salamu za huku ni ndefu: wa nyumbani, watoto, mahindi, mvua. Nenda na sukari au kanga, kama mgeni yeyote. Siku ya kwanza sikiliza tu. Nakuomba sana usiende na picha zilizokwisha kuchorwa ili mzee azibariki. Wazee wetu wana adabu, watakuambia "ni nzuri" hata kama imewachoma moyo.

Kuhusu malipo: ndiyo, na yaandikwe. Kama mfinyanzi au msusi amekupa saa tatu za maarifa yake na wewe unalipwa kwa kazi hiyo, fungu lake liwemo kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na mpiga picha na modo. Soda na nauli ni heshima, lakini si malipo.

6. Tunataka kumchora modo kama shujaa wa Kihehe wa wakati wa Mkwawa. Inawezekana?

Inawezekana ukijua unagusa nini. Wahehe walilishinda jeshi la Wajerumani Lugalo mwaka 1891, ngome yao ya Kalenga ikaangushwa 1894, na Mkwawa akafa 1898 akikataa kukamatwa. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani, likarudi 1954, na liko Kalenga kwenye makumbusho, kilomita chache kutoka Iringa mjini. Mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Hii ni familia iliyo hai, na kidonda bado kina kumbukumbu.

Ninachokataa ni fuvu kuwa pambo. Usichore uso wa modo kama fuvu jeupe kisha ukaita "Mkwawa". Nililetewa wazo hilo na mteja mmoja nikalikataa, nikampendekezea vazi: mgolole mweupe uliofungwa begani, ngozi yenye mafuta, na mkuki ulioazimwa kwa ruhusa. Uso ulibaki mtupu, na picha ikawa na uzito kuliko fuvu lolote ambalo ningechora.

Na msimsimamishe modo wima akitazama mbele, kisha ubavu, mikono imening'inia. Wakoloni waliwapiga watu wetu picha hivyo ili wawapange kama vielelezo. Mwache aegemee, acheke, ageuze mgongo.

7. Kwenye maelezo ya picha niandike nini?

Andika ukweli mfupi: "Mchoro wa mpambaji fulani, uliotokana na mikanda ya vyungu vya Wakisi." Usiandike "mekapu ya jadi ya Wakisi", kwa sababu siyo. Kama kuna mtu aliyekufundisha, mtaje kwa jina akikubali. Mistari miwili inatosha, ilimradi isimamie pamoja na picha kila inapochapishwa.

## Rangi na ngozi

8. Nitumie rangi gani mwilini?

Kwa mistari myembamba na michoro yenye kingo kali, rangi ya keki inayolowanishwa kwa maji. Kwa eneo kubwa la kung'aa, poda ya rangi ya vipodozi iliyochanganywa na mafuta. Kwa siku ya jasho la Kyela, rangi ya spiriti, inayokaa kutwa ila inakausha ngozi na haifai karibu na macho.

Usitumie rangi ya ukuta, rangi za maji za shule, spreyi ya kopo wala glita za kutengenezea kadi. Glita hizo zina kingo zinazoweza kukwaruza jicho. Vipodozi nchini vinasimamiwa na TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, kwa hiyo ukinunua soko la Mwanjelwa Mbeya au kwingineko tafuta chapa, tarehe ya mwisho wa matumizi na orodha ya viambato. Kopo lisilo na lebo liache dukani.

9. Kwa nini nisitumie udongo halisi? Si ndio uasilia wenyewe?

Naelewa hamu hiyo, nimekuwa nayo. Lakini udongo wa kuchimba una vijidudu, na ukigusa mkwaruzo mdogo unaweza kuleta pepopunda. Kuuchoma kwenye oveni kunaua vijidudu ila hakuondoi madini mazito. Pemba, ule udongo wa vijiti wanaokula wajawazito, zimewahi kupimwa sampuli zake nchini zikakutwa na risasi. Kinachouzwa sokoni si lazima kiwe salama.

Ninachofanya ni hiki. Nachukua udongo kiganja kimoja kutoka mahali picha inapopigwa, nauweka kwenye sahani nyeupe, naulowanisha nusu. Kisha nachanganya kaolini ya vipodozi na oksidi za chuma za vipodozi, nyekundu, njano na nyeusi, mpaka nipate rangi ileile, kavu na mbichi. Udongo wa Tukuyu una weusi wa volkano ndani yake, wa Njombe unaelekea kwenye kutu. Rangi ya mahali naichukua, udongo wenyewe unarudi chini.

10. Mafuta gani yanafaa kuchanganyia?

Huku si Dar es Salaam. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda Kitulo mwezi Julai na chupa ya wekundu niliouchanganya na mafuta ya nazi sebuleni usiku. Saa 12 asubuhi ulikuwa umekuwa nta. Niliusugua kwenye bega la modo ukatoka vipande vipande, yeye anatetemeka, jua linapanda, mpiga picha ananitazama. Tulipoteza mwanga wote mzuri wa asubuhi ile.

Tangu hapo natumia mafuta ya parachichi, ambayo sasa si shida kuyapata kwa kuwa parachichi zinalimwa sana Rungwe na Njombe, au ya alizeti iliyosafishwa. Hayagandi kwenye baridi yetu. Naanza na kijiko 1 cha poda kwa vijiko 2 vya mafuta, naongeza poda kidogo kidogo. Ikikaa sana juu ya ngozi badala ya kuingia, nafuta kwa kitambaa kikavu, kisha napitisha poda isiyo na rangi sehemu zinazogusana na nguo.

11. Je, piko au hina?

Hina halisi, ile ya rangi ya chungwa hadi kahawia, ni salama kwa wengi. Ila ni sanaa ya Pwani yenye mitindo yake, na inakaa mwilini wiki moja au mbili, jambo ambalo modo mwenye kazi nyingine kesho hatalipenda. Piko ni habari nyingine. Weusi wake wa haraka mara nyingi unatokana na rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Inaweza kuunguza ngozi na kuacha kovu, na aliyeathirika mara moja anaweza kudhurika tena kila akipaka rangi ya nywele maishani. Mimi sipaki piko hata nikiombwa.

12. Nitajuaje kama rangi itamdhuru modo?

Mpake kidogo ndani ya kiwiko siku mbili kabla, kila rangi na kila gundi utakayotumia. Muulize kuhusu pumu, mzio na mpira, kwa sababu baadhi ya gundi za kope zina mpira wa asili. Ikiwasha, ikivimba au ikiacha wekundu, badilisha rangi, usibadilishe modo. Na kama modo ametumia mkorogo, ngozi yake huwa nyembamba na yenye hasira. Muulize faraghani, kwa upole, bila kumhukumu.

13. Nyeupe yangu inageuka kama majivu kwenye ngozi nyeusi. Nakosea wapi?

Hukosei mkono, unakosea tabaka. Nyeupe tupu juu ya ngozi nyeusi huonekana ya bluu. Kwanza paka utando mwembamba wa rangi ya joto, kahawia yenye machungwa kidogo, hasa kwenye mstari utakaochora. Uache ukauke. Kisha chora kwa nyeupe ya maziwa, si ya chaki, tabaka mbili nyembamba badala ya moja nzito. Tabaka nzito hupasuka modo akitabasamu.

Jihadhari na flashi. Bidhaa zenye dioksidi ya titani au zinki, zikiwemo krimu za kukinga jua, hurudisha mwanga na kumfanya modo aonekane kapakwa unga. Piga picha moja ya majaribio kwa flashi kabla ya kumaliza mchoro.

14. Naweza kumpaka modo mwili mzima rangi nyeupe?

Mimi sifanyi, na nakushauri usifanye hapa. Watu wenye ualbino wamewindwa, wamekatwa viungo na kuuawa nchini kwetu kwa imani za kishirikina. Picha ya mtu mweusi aliyepakwa akawa mweupe wote, kwenye mandhari ya "mizimu", inazungumza lugha hiyohiyo hata kama hukukusudia. Nyeupe pia ina kazi yake kwenye matambiko, na kijijini mtu aliyepakaa nyeupe anasomeka kabla hujaeleza. Mkanda, kiganja, nusu ya mgongo: vinatosha.

Kama unataka modo mwenye ualbino, muajiri mwenyewe, mlipe vizuri, mkinge na jua, na umpambe kwa uzuri wake.

## Siku ya picha

15. Inachukua muda gani, na baridi tunaishindaje?

Uso na shingo, saa moja na nusu. Mikono na mgongo, ongeza mbili. Mwili mzima ni kati ya saa nne na tano, kwa hiyo ukitaka mwanga wa saa 1 asubuhi unaanza usiku. Juni hadi Agosti kunaganda huku, na Kitulo na Makete huona sakitu. Rangi ya maji inapokauka humpoza mtu zaidi, kwa hiyo lowanisha brashi kwa maji ya uvuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai, chora sehemu moja mpaka iishe huku nyingine zimefunikwa, na uwe na joho pana la vifungo vya mbele ambalo halipiti kichwani. Uji wa moto uwepo. Modo akianza kutetemeka bila kuacha, kazi inasimama.

Msimu wa mvua huanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili au Mei, na Rungwe huendelea kunyesha hata wengine wamekauka. Panga siku ya akiba.

16. Mahali gani pazuri, na ruhusa inakuwaje?

Kitulo, "Bustani ya Mungu", ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Maua yake hupendeza zaidi wakati wa mvua. Kupiga picha za biashara kunahitaji kibali cha TANAPA mapema. Na tafadhali, usichume ua hata moja kwa ajili ya taji la modo. Hifadhi ile ilianzishwa kwa ajili ya maua yenyewe, na okidi zake zimechimbwa vya kutosha na wauza chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi vya okidi.

Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa, ina nguzo za udongo ambazo kila mpiga picha anazitamani. Ni eneo la mambo ya kale linalolindwa kwa sheria ya 1964: hakuna kukwangua udongo, hakuna kuegemea nguzo na mwili wenye rangi. Vivyo hivyo michoro ya miambani ya Igeleke, usiiguse na usiimwagie maji ili "ionekane". Kimondo cha Mbozi hakipandwi. Ufuko wa Matema uko huru zaidi, ila ongea na kijiji.

Ndege isiyo na rubani inahitaji kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, hata kama unairusha dakika mbili.

17. Rangi ni vazi? Modo anaweza kupigwa picha akiwa na rangi tu?

Rangi si nguo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zinakataza picha za utupu, na kabla ya kanuni kuna macho ya kijiji kilichokupokea. Tumia vazi la ndani la rangi ya ngozi, chora juu yake, na modo achorwe mahali pa faragha. Mwanamke achorwe na mwanamke akitaka hivyo. Makubaliano ya sehemu gani zitachorwa na picha zitatumika wapi yaandikwe na kusainiwa kabla ya siku. Tangu Mei 2023 sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inafanya kazi, na sura ya mtu ni taarifa yake.

18. Naitoaje bila kuumiza ngozi?

Mafuta kwanza, sabuni baadaye. Sugua mafuta ya alizeti kwa mduara, acha dakika tano, futa kwa kitambaa laini, kisha maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande isiyo kali. Wekundu wa oksidi hung'ang'ania kwenye kucha, kwenye nyusi na nyuma ya masikio. Tumia mswaki laini wenye mafuta, ukisugua kuelekea nywele zinakolala. Ukimaliza mpake mafuta ya kutosha. Hewa yetu ya kiangazi inapasua ngozi hata isiyopakwa kitu.

## Mambo yasiyotokea kila siku

19. Modo ana chale zake mwenyewe. Nizifiche au nizioneshe?

Muulize yeye, mkiwa wawili tu. Wengine wanazipenda, wengine walichekwa shuleni kwa ajili yake, wengine hawataki mchumba azione. Akitaka zionekane, zipake mafuta tu na uweke taa pembeni, zitajichora zenyewe kwa kivuli. Usizitilie nyeupe wala kuongeza nyingine pembeni yake. Akitaka zifichwe, ficha na usiulize sababu.

20. Mteja wa nje anasema "iwe ya porini zaidi". Nimjibuje?

Mwambie kwa adabu kwamba hapa watu wanasuka, wanafinyanga, wanalima chai na kuuza parachichi, kisha mwoneshe chungu na kikapu. Nimegundua kwamba mteja akishika chungu cha Mkisi mkononi, neno "pori" halimtoki tena mdomoni. Akishikilia wazo lake, mrudishie malipo ya awali. Nimefanya hivyo mara moja, mwezi ambao pesa ile ilihitajika sana nyumbani, na sijajuta.

21. Na watoto?

Kwa maandishi ya mzazi au mlezi, naye awepo muda wote. Uso na mikono tu, rangi ya maji tu, dakika ishirini basi. Siku ya shule hatuwachori.

22. Tumefika kijijini, modo ameshachorwa, tunasikia kuna msiba nyumba ya tatu. Tuharakishe tumalize?

Hapana. Rangi inaoshwa kwanza, yote, mpaka shingoni na nyuma ya masikio. Wanawake wajifunge kanga, simu na kamera zibaki kwenye gari, mwende mkatoe pole na rambirambi kama wageni wengine. Siku mpya ya picha mtaiomba kwa mwenyekiti baada ya matanga.